Kompresa ya Daktari wa Meno na Maji Yatokayo Hewani

Je, wajua kwamba kliniki ya meno yenye viti viwili mjini Eldoret inaweza kukamua karibu robo lita ya maji kutoka hewani kila siku, bila mtu kugusa mfereji? Maji hayo hutuama kitakoni mwa tangi la kompresa, ile mashine inayonguruma chini ya ngazi au kwenye roshani ya nyuma ambako mgonjwa hafiki. Jioni, kabla upepo haujaisha ndani ya tangi, kinga kikombe cha plastiki chini ya koki ndogo iliyoko chini kabisa, kisha uifungue polepole. Kwanza hutoka maji ya rangi ya turungi, yakiruka kwa kishindo. Baada yake huja ukungu mweupe, halafu upepo mtupu. Yaache maji yatulie, nawe utaona chembe za kutu zimezama. Hizo zimebanduka kwenye tangi lenyewe, kwa ndani, mahali ambapo rangi nzuri ya nje haifiki.

Ziko kliniki ambako koki hiyo haijaguswa tangu siku mashine ilipofungwa. Ukiuliza, utaambiwa unyevu ni shida ya watu wa pwani. Mombasa kuna bahari na fukuto, kuta zinaota kuvu; Eldoret ni baridi, hewa ni safi, hatuna shida hiyo. Maneno haya hunikera kwa sababu yanasahau jambo moja ambalo kila mwanariadha anayekuja kufanya mazoezi huku analijua: mwinuko. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 78 ya lile la pwani.

Sasa tazama hesabu yake. Kompresa ya meno hujaza tangi hadi baa 7 hivi kwenye geji. Kufika hapo, Mombasa hewa hubanwa mara 8. Eldoret, kwa kuwa hewa ya nje ni nyepesi, lazima ibanwe karibu mara 10. Mvuke uliomo nao hubanwa vivyo hivyo. Chukua siku ya mvua, joto likiwa nyuzi 20 na unyevu asilimia 75. Kila mita ya ujazo ya hewa ya nje imebeba gramu 13 za mvuke. Zibane mita 10 za hewa hiyo ziwe 1, nawe umerundika gramu 130 mahali ambapo, tangi likipoa hadi nyuzi 25, hewa haiwezi kushika zaidi ya gramu 23. Zinazobaki, zaidi ya gramu 100, ni maji. Tena hayangoji usiku wa baridi: mvuke uliobanwa hivyo huanza kuwa maji mara tu joto la hewa ndani linaposhuka chini ya nyuzi 57 hivi.

Mombasa, siku yenye nyuzi 30 na unyevu uleule, mita moja ya hewa iliyobanwa ingetoa kama gramu 140. Kwa hiyo Eldoret hupata karibu robo tatu ya maji ya Mombasa, na sehemu ya hayo imeletwa na mwinuko. Ile robo lita niliyoitaja inatokana na kompresa inayovuta lita 100 za hewa kwa dakika na kufanya kazi jumla ya saa 4 kwa siku, jambo la kawaida kwa kliniki yenye wagonjwa.

Maji haya yanaharibu nini? Drili ya meno huzungushwa na upepo, kwa kasi ya mizunguko 300,000 hadi 400,000 kwa dakika. Kabla yake madaktari walitumia drili za kapi na kamba. Daktari John Walsh wa New Zealand alisajili uvumbuzi wa drili ya upepo mwaka 1949, na mwaka 1957 Mmarekani John Borden akaleta sokoni ile iliyoenea duniani. Ndani ya kichwa chake mna beringi mbili zenye gololi ndogo kupita punje ya ulezi. Maji yakifika humo huosha mafuta, na chembe za kutu husaga gololi. Drili huanza kulia kwa sauti kali, kisha hutetemeka, kisha hukwama. Daktari huilaumu drili, hununua nyingine, na hiyo mpya hufungwa kwenye upepo uleule wenye maji. Vichwa vya drili vinavyotupwa hivi vimeagizwa kutoka nje kwa pesa nyingi, na havikuwa na kosa.

Mgonjwa naye analipa. Anapozibiwa jino kwa dawa ngumu ya rangi ya jino, daktari hupaka asidi, huosha, kisha hukausha kwa kibomba cha upepo. Upepo huo ukiwa na matone, au mafuta kutoka kompresa ya gereji iliyonunuliwa kwa kuwa ni nafuu, dawa haishiki sawasawa, na baada ya muda jino linavuja pembeni au kizibo kinang'oka. Mipira ya upepo yenye majimaji pia ni makao mazuri ya bakteria. Kipimo cha kwanza cha upepo huo hakihitaji fundi. Elekeza kibomba kwenye kioo kikavu cha mdomoni, bonyeza upepo peke yake kwa muda, kisha kipeleke kioo kwenye taa. Ukiona vitone, mashine ya kukausha hewa ya kompresa imeshindwa.

Mashine ya kukausha ndiyo ninayoipenda zaidi katika mtambo huu wote. Baadhi ya kompresa hukausha hewa kwa kuipoza kama friji hadi nyuzi 3 hivi, na kwa Eldoret hilo linatosha, maana mabomba ya ukutani hayapati baridi ya kiasi hicho. Nyingine hutumia nyuzinyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, ambazo kuta zake hupitisha mvuke na kuizuia hewa. Lakini iliyo ya ajabu zaidi ni ile yenye mnara mmoja uliojazwa chembe za kukaushia, aina ya silika au alumina. Chembe hizi zina vitundu visivyohesabika, na mvuke hunata kwenye kuta za vitundu hivyo. Hewa hutoka kwa pistoni ikiwa ya moto, hupita kwenye koili yenye feni ikapoa na kudondosha maji mengi, kisha hupanda ndani ya mnara na kuacha unyevu uliobaki. Kwa juu hutoka kavu na kuingia tangini. Hewa kidogo iliyokauka huwekwa kando katika chumba chake.

Chembe zingelowa zote baada ya muda mfupi, kama si kinachotokea mota inapozima. Vali ya chini hufunguka, shinikizo ndani ya mnara huanguka ghafla, na ile hewa kavu iliyowekwa kando hurudi kinyume, kutoka juu kwenda chini. Ikitanuka huwa kavu mara nyingi zaidi ya ilivyokuwa ilipobanwa. Inapita kati ya chembe, inazoa unyevu wote, na kuutoa nje kwa mlio mrefu: psssss. Hakuna hita wala kifaa cha kubadilishwa kila wiki. Mashine imejikausha kwa pumzi yake yenyewe, na mota ikiwaka tena chembe ziko tayari.

Mlio huo watu wa Eldoret wanausikia kila siku. Simama kando ya barabara kuu malori ya kutoka Mombasa kwenda Malaba yakipita. Ule upepo unaolipuka chini ya lori, hata likiwa limesimama, mara nyingi ni mashine ya kukausha hewa ya breki ikijisafisha kwa njia hiyohiyo. Madereva wa zamani bado huvuta kamba ya tangi kila asubuhi kumwaga maji kabla ya kuondoka, kwa sababu wanajua breki zikiingia maji nini kitawakuta huko kwenye miteremko. Fundi wa malori kwenye gereji za hapa mjini anajua kubadilisha kikopo cha chembe za kukaushia. Ukimuuliza mwenye kliniki kikopo chake kilibadilishwa lini, mara nyingi hajui kama anacho.

Na hapa ndipo mwinuko unaturudia mara ya pili. Mnara wa namna hii hujikausha wakati kompresa imepumzika tu. Isipopumzika, chembe hazipati nafasi ya kutoa maji, na baada ya saa chache hewa hupita ikiwa na unyevu wake wote. Kompresa iliyopimwa kiwandani usawa wa bahari, ikijaza tangi kwa dakika 5, huku juu itachukua zaidi ya dakika 6, kwa kuwa kila pigo la pistoni linashika hewa haba. Ongeza mipira miwili inayovuja, na kiti cha tatu kilichoongezwa bila kubadilisha kompresa. Mota haizimi tena. Nayo feni inapuliza hewa nyepesi isiyopoza vizuri, na chembe zenye joto hazishiki mvuke ipasavyo. Basi maji yakitokea kwenye drili, tafuta kwanza panapovuja. Funga kliniki, zima kila kitu isipokuwa kompresa, hesabu inawaka mara ngapi bila mtu kutumia upepo. Kama tangi halina tundu na mabomba ni mazima, haina sababu ya kuwaka mara kwa mara.

Kosa jingine ninaloliona sana ni la chumba. Kliniki za ghorofani katikati ya mji zina nafasi finyu, hivyo kompresa hubanwa kwenye kabati moja na mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Kila mzunguko wa utakasaji ukiisha, mlango hufunguliwa na wingu la mvuke hujaa kabatini, na kompresa iliyo chini yake huuvuta wote. Hakuna kikaushio kitakachoshindana na hali hiyo. Toa mashine moja nje, au angalau peleka mdomo wa kuvutia hewa penye kivuli na hewa inayopita, mbali na mvuke na moshi wa barabarani.

Kaunti ya Uasin Gishu, ambamo Eldoret imo, ni nchi ya mahindi. Mkulima anajua kwamba nafaka ikizidi unyevu wa asilimia 13.5 ghala la Bodi ya Nafaka litaikataa, na kipimo kipo pale mlangoni. Mji wa Eldoret una Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na Chuo Kikuu cha Moi kinafundisha madaktari wa meno hapa. Kwa nini basi upepo unaoingia mdomoni mwa mtu upimwe kwa uangalifu mdogo kuliko gunia? Kipimo cha unyevu wa hewa ya kompresa kipo, kidogo cha kufungwa kwenye bomba. Wafadhili nao wanaoleta viti na kompresa wakapiga picha na kuondoka, walete pia vikopo vya akiba na mtu wa kumfundisha fundi wa kaunti. Kompresa ngapi nzuri zimeishia kwenye stoo za zahanati kwa kukosa chembe za kukaushia tu.

Lipo na la usalama. Tangi lenye baa 7 linalooza kwa ndani huwa jembamba pasipoonekana, na likipasuka linaweza kuua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka matangi ya upepo yakaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa, na kliniki ni mahali pa kazi kama kiwanda. Kumwaga maji kila jioni, kuacha koki wazi usiku tangi likiwa tupu, au kufunga vali inayojimwagia yenyewe kwa saa: kazi hizi ni ndogo mno kuachwa.

Hewa kavu iliyobanwa inatumika pia kupaka magari rangi isifanye malengelenge, kuendesha mashine za kufungasha maziwa, kusukuma vitambaa na nyuzi viwandani, na kwenye mitambo ya oksijeni hospitalini, ambako zeolaiti iliyo minarani ikilowa hushindwa kutenga naitrojeni na oksijeni inayomfikia mgonjwa hupungua nguvu.