Programu huria: Bidhaa ya bure iliyouzwa kwa dola bilioni 34

KAMPUNI ya IBM ya Marekani ilikamilisha Julai 9, 2019 ununuzi wa kampuni ya Red Hat kwa kiasi cha dola za Marekani bilioni 34. Kila hisa ililipiwa dola 190, wakati siku ya mwisho ya soko kabla ya mpango huo kutangazwa Oktoba 2018 hisa hiyo ilifunga kwa dola 116.68.

Mauzo hayo yaliwashangaza wengi kwa sababu bidhaa kuu ya Red Hat, programu ya kuendeshea kompyuta iitwayo Linux, haikuwa mali ya kampuni hiyo peke yake. Mtu yeyote, awe New York, Nairobi au Dar es Salaam, alikuwa na haki ya kuichukua Linux, kuinakili, kuibadili na hata kuiuza bila kuilipa Red Hat senti moja.

Je, IBM ilinunua nini? Jibu linamhusu mwekezaji mdogo anayefikiria hisa za kampuni za kompyuta. Linamhusu pia mwenye duka anayeweka hesabu za mali yake ndani ya kompyuta.

HAKI NNE ZA MTUMIAJI

Programu ni maelekezo yanayoandikwa na fundi ili kompyuta ifanye kazi. Kampuni nyingi huuza programu bila kutoa maandishi hayo. Mnunuzi hupewa ruhusa ya kutumia tu. Ni sawa na kuuziwa cherehani iliyochomelewa kifuniko: inashona vizuri, lakini ikiharibika fundi wa mtaani hawezi kuifungua, na mwenye kiwanda akiacha kuleta vipuri mshonaji hana la kufanya.

Septemba 1983 Richard Stallman, aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza mradi wa GNU wa kutengeneza programu zisizofungwa. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtumiaji anastahili haki nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichunguza inavyofanya kazi na kuibadili, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia wengine nakala aliyoirekebisha.

Mwaka 1989 haki hizo ziliwekwa katika leseni iitwayo GPL. Sharti lake kubwa ni kwamba anayesambaza programu hiyo lazima awape wanaoipokea maandishi yake pamoja na haki zile zile alizopewa yeye. Aliyefunguliwa mlango haruhusiwi kuufunga nyuma yake. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa Linux mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni hiyo.

Programu za namna hii huitwa programu huria. Neno hilo lisichanganywe na bure. Programu huria inaweza kuuzwa, na programu ya bure inaweza kuwa imefungwa kabisa.

HISA ZILIPOPANDA NA KUPOROMOKA

Red Hat iliingia katika soko la Nasdaq Agosti 11, 1999. Hisa zilitolewa kwa dola 14 na kufunga siku hiyo kwa dola 52 na senti sita. Desemba 9 mwaka huo huo ilifuata kampuni ya VA Linux, iliyouza kompyuta zilizokwisha kuwekewa Linux. Hisa zake zilitolewa kwa dola 30 na kufunga kwa dola 239.25, ongezeko la asilimia 698 kwa siku moja.

Furaha hiyo haikudumu. Hadi kufikia mwisho wa mwaka 2000, hisa za VA Linux zilikuwa chini ya dola 10, na mwaka 2001 kampuni hiyo iliacha biashara ya kuuza kompyuta. Udhaifu wake ulikuwa wazi kwa aliyetaka kuuona: Linux ilikuwa ya wote, na watengenezaji wakubwa wa kompyuta waliweza kuiweka katika mashine zao bila kumwomba mtu ruhusa.

Red Hat nayo iliporomoka. Mfano wa hesabu ndogo unatosha. Aliyepata hisa 100 kwa dola 14 alitumia dola 1,400. Januari 2000 kila hisa moja iligawanywa kuwa mbili, akawa na hisa 200. Mwaka 2001 bei ilishuka chini ya dola 5, na mali yake yote haikufika dola 1,000. Kama alivumilia hadi IBM ilipolipa dola 190 kwa hisa, alipokea dola 38,000.

Hata hivyo, wanunuzi wengi wadogo hawakupata hisa kwa bei ya kutolewa. Aliyenunua hisa 100 jioni ya siku ya kwanza alilipa zaidi ya dola 5,200, na miaka miwili baadaye alibaki na chini ya moja ya tano ya fedha hizo. Katika miaka yote hiyo kampuni haikutoa gawio.

KILICHOIOKOA RED HAT

Kati ya mwaka 2002 na 2003 Red Hat ilibadili biashara yake. Iliacha kutegemea mauzo ya programu ndani ya maboksi madukani, ikaanza kuuza huduma kwa malipo ya kila mwaka. Mteja alilipia marekebisho ya kasoro, kinga dhidi ya wavamizi, msaada wa mafundi, na ahadi kwamba toleo analotumia litatunzwa kwa miaka kadhaa.

Maji ya mto ni ya wote, lakini mwenye hoteli humlipa anayeyaleta safi kila alfajiri bila kukosa. Wateja wa Red Hat walilipia uhakika wa namna hiyo. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Februari 2012 mapato ya kampuni yalivuka dola bilioni moja.

Masoko ya hisa yenyewe yanaonyesha kwa nini uhakika huo una bei. Septemba 8, 2008 mitambo ya Soko la Hisa la London ilikwama, na mawakala wakashindwa kununua na kuuza kwa karibu saa saba. Siku moja ya namna hiyo hutosha kumfanya mwenye mitambo alipie mafundi wa kusimama karibu nayo mwaka mzima. Februari 2011 soko hilo lilihamishia biashara yake ya hisa katika mfumo mpya unaoendeshwa na Linux.

MTEJA ANAPOONDOKA NA MTAJI

Kampuni inayouza programu huria ina jambo moja la kuogopa kuliko washindani wake. Ikiwaudhi watumiaji, wao wana haki ya kuondoka na programu yenyewe na kuiendeleza kwa jina jingine.

Mwaka 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha ununuzi wa Sun Microsystems, iliyokuwa ikitunza programu ya ofisi ya OpenOffice. Septemba mwaka huo huo sehemu ya mafundi wake, wakiwa na wasiwasi juu ya mwelekeo wa mmiliki mpya, walichukua maandishi ya OpenOffice na kuanzisha LibreOffice. Hawakuhitaji kibali cha mahakama wala fidia. Mwaka 2011 Oracle ilikabidhi OpenOffice kwa shirika la Apache.

Red Hat yenyewe haikusalimika. Desemba 2020, ikiwa tayari chini ya IBM, ilitangaza kwamba CentOS 8, toleo lisilolipiwa lililofanana na bidhaa yake kuu, lingekoma mwisho wa mwaka 2021 badala ya mwaka 2029 uliotarajiwa. Ndani ya miezi michache yalitoka matoleo mawili ya kuchukua nafasi yake, AlmaLinux na Rocky Linux. La pili lilianzishwa na mmoja wa waasisi wa CentOS.

Mfano wa karibuni zaidi ni HashiCorp, iliyoingia sokoni Desemba 2021 kwa dola 80 kwa hisa. Agosti 2023 kampuni hiyo iliacha leseni huria na kuweka leseni inayowazuia washindani kuitumia programu yake kibiashara. Mwezi uliofuata nakala huria ya programu yake mashuhuri, iitwayo OpenTofu, iliwekwa chini ya shirika la Linux Foundation. Februari 2025 IBM ilikamilisha ununuzi wa HashiCorp kwa dola 35 kwa hisa.

Haitakuwa haki kusema leseni ndiyo iliyoiangusha bei hiyo. Sehemu kubwa ya anguko ilitokea kabla, mwaka 2022, wakati hisa nyingi za kampuni za kompyuta ziliposhuka. Lakini mwenye hisa za HashiCorp alijionea jambo moja: kufunga mlango hakukuirudisha bei ya mwanzo, na mshindani asiyekuwapo jana alizaliwa ndani ya wiki chache.

HAKI INAYOFANYA KAZI HAPA

Haki ya kubadili programu si jambo la wataalamu wa Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi yenye maneno ya Kiswahili. Hawakulazimika kusubiri kampuni ya nje ione kama soko la Kiswahili lina faida. Leseni ilikwisha kuwaruhusu.

Aidha, simu nyingi za mkononi zinazotumiwa na wafanyabiashara wa Kariakoo na Gikomba huendeshwa na Android, ambayo msingi wake ni Linux. Ni wachache wanaofahamu kwamba sehemu hiyo ya simu zao iko chini ya leseni ile ile ya GPL.

Juu ya msingi huo, hata hivyo, huwekwa programu nyingi zilizofungwa ambazo hazitozwi fedha. Hapo ndipo tofauti ya bure na huria inapogusa siri za mtumiaji. Programu ya bure iliyofungwa lazima ipate fedha mahali pengine. Kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata mapato ya dola bilioni 134.9 mwaka 2023, na karibu dola 98 katika kila 100 zilitokana na matangazo. Wanaotangaza hulipia kuwafikia watu fulani, na ili watu hao wachaguliwe ni lazima habari zao zikusanywe.

Programu huria haimlindi mtu moja kwa moja. Inachotoa ni nafasi ya kukaguliwa. Machi 2024 fundi mmoja aligundua kwamba kuingia katika kompyuta yake kulichelewa kwa nusu sekunde. Alipofuatilia alikuta mlango wa siri ulioingizwa kwa makusudi katika programu huria ya kubania mafaili iitwayo xz. Kwa kuwa maandishi ya programu hiyo yalikuwa wazi, aliweza kuchimba hadi mwisho na kuwaonya wengine kabla hila hiyo haijasambaa. Tukio hilo lilionyesha vilevile upande wa hatari: programu iliyotumiwa duniani kote ilikuwa ikitunzwa na watu wachache sana, bila mshahara.

MASWALI KABLA YA KUTOA FEDHA

Kutokana na mambo hayo, mwekezaji anayeitazama kampuni ya programu huria atafanya vyema kusoma leseni kabla ya kusoma bei. Kama leseni inawaruhusu watumiaji kuondoka na programu, basi programu yenyewe isihesabiwe kuwa mali ya kuitetea bei ya hisa. Aulize wateja wanalipia nini, na wangapi wanarudi kulipa mwaka unaofuata. VA Linux haikuwa na jibu zuri la swali hilo. Red Hat ililipata baada ya miaka minne ya misukosuko.

Swali la pili ni nani anaandika programu. Kama kazi kubwa inafanywa na watu wasioajiriwa na kampuni, uhusiano mwema nao ni sehemu ya mtaji, ingawa hauonekani katika mizania. Tangazo la kubadili leseni lipewe uzito ule ule unaopewa tangazo la kushuka kwa faida.

Kwa mwenye duka, swali ni fupi zaidi. Kabla ya kuweka hesabu za miaka mitano katika programu yoyote, aulize kama anaweza kuzitoa zote na kuzihamishia kwingine siku muuzaji akipandisha ada au akifunga ofisi. Jaribio lifanyike siku ya kwanza, wakati daftari la karatasi bado lipo kaunta. Muuzaji akikataa, bei ya chini aliyoitaja haina maana, kwani ada ya kutoka itapangwa na yeye.

IBM ilipolipa dola bilioni 34, Linux yenyewe ilikuwa ikipatikana bila malipo asubuhi ile ile. Fedha hizo zilinunua wateja ambao wangeweza kuondoka siku yoyote na hawakuondoka.