Sanduku la Victor Hugo

Victor Hugo alikuwa mtunga vitabu wa Ufaransa. Alizaliwa mwaka wa 1802. Mwaka wa 1851 alimpinga mtawala wa nchi yake, akakimbilia ugenini.

Mwaka wa 1855 alifika kwa meli kisiwani Guernsey. Bahari ilichafuka. Sanduku la maandiko yake likawa karibu kuanguka majini! Ndani yake kilikuwamo kitabu asichokimaliza bado. Lakini liliokoka, na kitabu hicho, «Les Misérables», kilitoka mwaka wa 1862.

Hugo aliandika nusu moja ya karatasi tu. Nusu ya pili aliiacha wazi, apate kusahihisha.

Alikufa mwaka wa 1885. Kwa wasia wake, maandiko yake yalipewa Maktaba ya Taifa, Paris. Yangali yakitunzwa humo, na makosa aliyoyafuta yaonekana.

Watoto, msione haya kusahihisha kazi yenu.