Utabiri wa Mvua: Upimwe na Nani?



Redio ikitangaza hali ya hewa, wengine wetu husema, "Hao ni waongo." Wengine husema, "Wanapatia sana." Maneno yote mawili hayana hesabu ndani yake. Sisi wa mashamba na viwanda twahitaji hesabu, maana mvua inagusa ujira wetu, na radi inagusa uhai wetu.

Kisa cha Marekani

Mwaka 1884 mwanajeshi mmoja wa Marekani, John Finley, alitoa utabiri mara 2803 juu ya vile vimbunga vinavyozunguka kama pia na kung'oa nyumba. Ilihesabiwa kwamba amepatia mara 2708, yaani zaidi ya 96 kwa kila 100. Sifa kubwa! Lakini mwaka huohuo mtaalamu Gilbert alipinga hesabu hiyo.

Tazameni wenyewe. Katika mara hizo 2803, kimbunga kilitokea mara 51 tu. Mtu asiyejua lolote, akikaa kitini na kusema kila mara "hakuna kimbunga," angepatia mara 2752. Angemshinda Finley, na asingeokoa hata mtu mmoja!

Kwa hiyo tuulize maswali mawili. Vimbunga vilipotokea, watu walionywa mara ngapi? Mara 28 kati ya 51. Na watu walipoonywa, kimbunga kilitokea mara ngapi? Mara 28 kati ya 100. Maonyo 72 yalikuwa ya bure.

Makosa mawili, hasara mbili

Kuonywa bure na kukosa onyo si hasara moja. Mwanika kahawa akionywa bure, amepoteza muda mfupi wa kufunika na kufunua. Asipoonywa, kahawa inalowa na kuharibika. Lakini mkata miwa wa kutwa, nyapara akimwambia "leo mvua, rudi nyumbani," kisha jua likawaka, amepoteza ujira wa siku nzima. Utabiri ni uleule, ila kila mmoja anaumia kwa upande wake.

Kwa radi hatuna mabishano. Mwezi Juni 2011, wilayani Kiryandongo hapa Uganda, radi iliua wanafunzi 18 wa shule moja ya msingi kwa siku moja. Hapo ni heri kukimbia bure mara kumi kuliko kukosa onyo mara moja.

Kazi ya kila tawi

Tunaomba kila tawi liweke daftari kwa msimu mmoja. Kila jioni katibu atie alama katika safu moja kati ya nne: walisema mvua ikanyesha, walisema mvua haikunyesha, hawakusema ikanyesha, hawakusema na haikunyesha. Tuhesabu mvua iliyosimamisha kazi, si manyunyu. Siku za radi ziandikwe mbali.

Daftari hilo tutalipeleka kwa watu wa hali ya hewa, wajue sisi twahitaji nini. Tutalipeleka pia kwa mwajiri. Akiwarudisha watu nyumbani kwa onyo la bure, hasara ya siku hiyo isibebwe na kibarua peke yake. Tukienda na manung'uniko matupu, tutarudishwa mlangoni. Tukienda na hesabu, itabidi tujibiwe.

Umoja ni nguvu.