Nambari 4,294,967,297: Sifa Zake na Utata wa Kuitamka

Makala haya yanakusudia kueleza nambari moja kubwa, 4,294,967,297, kwa pande mbili: hisabati yake, na lugha inayotumika kuitaja.

Nambari hii hupatikana kwa kuzidisha pamoja 2 thelathini na mbili, kisha kuongeza 1. Ni ya sita katika jamii iliyochunguzwa na Mfaransa Pierre de Fermat. Tano za mwanzo ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa, yaani hazizai: hazina kigawo ila 1 na zenyewe. Mnamo 1640 Fermat aliandika kwamba anaamini jamii nzima ni tasa, ijapokuwa hakuwa na uthibitisho.

Mwaka 1732 Leonhard Euler alibainisha kwamba nambari ya sita si tasa, bali ni 641 mara 6,700,417. Uthibitisho wake waweza kutolewa kwa maneno machache. Kwa kuwa 640 ni pungufu ya 641 kwa 1, 640 nne zikizidishwa pamoja huleta jawabu linalozidi kigawe fulani cha 641 kwa 1. Jawabu hilo hilo ni 625 mara 268,435,456. Badala ya 625 ikiwekwa 641 kutoa 16, jawabu huwa kigawe kingine cha 641 kutoa 4,294,967,296. Basi tofauti baina ya vigawe hivyo viwili ni 4,294,967,297; na tofauti ya vigawe vya 641 haina budi kuwa kigawe cha 641.

Hoja yote imeelezwa kwa Kiswahili bila taabu. Taabu imo katika kuitamka nambari yenyewe: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Msikilizaji asikiapo "elfu mia tisa sitini na saba" aweza kuandika 967,000 au 900,067. Sababu ni kwamba katika Kiswahili kipimo hutangulia idadi yake, wala hakuna alama ionyeshayo idadi hiyo inakomea wapi. Neno "laki", lenye asili ya Kihindi, hupunguza utata huo: laki tisa, elfu sitini na saba. Lakini haliwezi kusaidia katika "milioni mia mbili tisini na nne", ambayo ni 294,000,000 au 200,000,094.

Jambo hili si dogo. Tarakimu moja tu ya nambari hii ikibadilishwa, 641 haiigawi tena, na uthibitisho wote huporomoka. Wanaodai kuwa Kiswahili chafaa kufundishia hisabati wamekwisha kupata istilahi za tasa, kigawo na kigawe. Kilichosalia ni kanuni moja ya kusoma nambari, itakayokubaliwa na walimu wa lugha na wa hisabati pamoja.