Wainuiti na Matunzo ya Zana za Uwindaji

Wainuiti wa Greenland, Alaska na kaskazini mwa Kanada wameishi kwa kuwinda karne nyingi: sili baharini, na karibuu, kulungu wa Aktiki, barani. Mgeni hudhani kwamba adui wa zana zao ni baridi. Wenyewe huogopa unyevu. Theluji kavu haidhuru mavazi yao ya ngozi, lakini ikiyeyukia nyumbani ngozi hulowa, manyoya hunyonyoka, na mvaaji akitoka tena nguo humgandia mwilini.

Ndiyo maana mwindaji arudipo haingii ndani moja kwa moja. Mlangoni hulipiga vazi lake kwa kipigio cha mfupa, pembe au mti mpaka theluji yote ipukutike. Vazi la nje huachwa palepale penye baridi. Zamani viatu na glavu zilizolowa zilitandazwa kwenye uchaga juu ya qulliq, taa ya jiwe iliyowaka kwa mafuta ya sili. Huko zilikauka polepole, maana ngozi ikikaushwa kwa pupa hukakamaa na kupasuka. Kulipokucha, wanawake walizitafuna soli za viatu mpaka zikalainika.

Bunduki ilipofika, ikafuata nidhamu hiyohiyo. Huachwa nje ya chumba chenye joto isije ikatoka jasho ambalo huganda baadaye. Mafuta mazito hufutwa, kwa kuwa baridi huyagandisha na kukwamisha kifyatulio, na mdomo wa mtutu huzibwa theluji isiingie. Kamba na hatamu za ngozi huwekwa juu, mbali na mbwa wenye njaa wasije wakazitafuna.

Hata hivyo, kazi kubwa ilikuwa ya sindano. Ngozi za karibuu za mwisho wa kiangazi ndizo zilizopendwa kwa mavazi. Zilishonwa tabaka mbili: la ndani manyoya yakielekea mwilini, la juu yakielekea nje. Uzi ulikuwa ukano, ambao ukilowa huvimba na kuziba tundu lililotobolewa na sindano. Katika jamii kadhaa, kushona ngozi za karibuu wakati watu wanakaa juu ya barafu ya bahari kulikuwa mwiko, kwani wanyama wa bara na wa bahari hawakupaswa kuchanganywa. Mpelelezi Knud Rasmussen aliandika miiko ya namna hii katika safari yake ya 1921 hadi 1924. Mwiko huo uliwalazimu watu kumaliza mavazi kabla majira ya baridi kali hayajawadia.

Sifa za mawindo humwendea mwenye chusa. Lakini mshono mmoja ukiachia mbali na nyumbani, vidole huganda, na mkono uliokufa ganzi haurushi chusa. Kwa hiyo mshonaji ni mwindaji mwenza, na kila nyumba ya Wainuiti inayowafundisha watoto wake kushona inaulinda uwindaji wenyewe.