Uliahidiwa Simu Mpya, Ikaja Iliyochoka: Sheria Inasemaje?

Tuseme umeona tangazo mtandaoni: "simu mpya, GB 128". Ukatuma hela Dar, basi likakushushia mzigo Mikumi. Kufungua, kumbe ni mtumba, tena GB 32. Wengi husema "nimelizwa", wanaishia hapo.

Muuzaji akisema "simu kali kuliko zote", hizo ni mbwembwe tu. Ila "mpya" na "GB 128" ni maelezo ya bidhaa, yanapimika. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Sheria ya Mikataba inakuruhusu kuvunja mkataba uliopatikana kwa udanganyifu. Maneno "mali ikiuzwa hairudishwi" hayafuti uongo.

Ushahidi je? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu meseji zitumike mahakamani. Kwa hiyo usifute kitu: tangazo lipige picha, na ujumbe wa malipo utunze. Kwanza mdai muuzaji kwa maandishi. Akigoma, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Ukiona ni utapeli, ripoti polisi, Kilosa au Mikumi.

Hela ni yako mdau, idai!