Utangulizi: Mgunduzi na Mvunaji katika Biashara ya Chipu

Anayeanza kusoma kuhusu vipitishi nusu, yaani vitu kama silikoni ambavyo mtengenezaji anaweza kuruhusu umeme upite ndani yake au kuuzuia, hukutana kwanza na hesabu za fizikia, akadhani hapa si pake. Karibu, ni pako. Nusu ya taaluma hii ni biashara, na swali lake kuu ni jepesi kuuliza: je, anayegundua ndiye anayevuna?

Transista ya kwanza, yaani swichi ndogo ya umeme ya kipitishi nusu ambayo chipu hujengwa kwa wingi wake, iliundwa Desemba 1947 na John Bardeen na Walter Brattain katika maabara ya Bell, New Jersey. Mwaka 1956 walipata Tuzo ya Nobeli pamoja na kiongozi wao, William Shockley. Fedha hazikuifuata tuzo. AT&T, mmiliki wa maabara, ilikuwa ikiandamwa na serikali ya Marekani kwa kuhodhi biashara ya simu, ikaona heri kuuza leseni za kutengeneza transista. Mwaka 1952 ada ilikuwa dola 25,000. Miongoni mwa walionunua ni Texas Instruments na, muda mfupi baadaye, kampuni changa ya Tokyo iliyokuja kuitwa Sony. Redio ndogo za transista zikawajengea wanunuzi hao jina.

Mfano wa karibuni ni mashine za kampuni ya ASML ya Uholanzi. Huchora chipu kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 13.5, unaopatikana kwa kupiga matone ya bati lililoyeyuka kwa leza, mara 50,000 kwa sekunde. Mwaka 2012 kampuni za kutengeneza chipu, Intel, TSMC na Samsung, zilinunua hisa za ASML na kuchangia utafiti wake, Intel ikitoa fungu kubwa kuliko zote. Hata hivyo TSMC na Samsung zilizitumia mashine hizo kwa uzalishaji mkubwa kufikia 2019. Intel ilichelewa hadi 2023.

Basi kampuni ikitangaza chipu isiyo na mfano, wapongeze wahandisi wake, kisha uulize. Kati ya chipu mia zinazotoka kiwandani, nzima ni ngapi? Hataza ni ya nani? Mashine inauzwa na nani? Mteja gani amekwisha kuagiza? Sura zinazofuata zimepangwa kwa maswali hayo manne, na fizikia itafunzwa pale tu jibu linapoihitaji.